Udongo Mkaidi wa Kilima Chongo

Katika nchi yetu hakuna mtu aliyewahi kufa kwa umeme. Hayo si majivuno. Yamo katika Taarifa ya Taifa ya kila mwaka, ukurasa wa tatu, chini ya picha ya Mtukufu Mlezi. Watu wetu wakigusa waya hushtuka, na wakishtuka sana hufariki, lakini cheti huandikwa "mshtuko," na mshtuko ni ugonjwa wa Wizara ya Afya. Sisi wa Wizara ya Mwangaza hautuhusu.

Nilikuwa karani wa masijala katika Wizara hiyo kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi, kuipiga muhuri na kuiweka mahali pake. Sikuwahi kupoteza hata moja. Kwa hiyo habari hizi za Injinia Zawena Lukondo nyingine niliziona kwa macho yangu, na nyingine zilipita mikononi mwangu.

Zawena alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mrefu, mwenye sauti ya chini na viatu vya vumbi. Vile viatu vilituudhi. Mhandisi wa cheo chake alitakiwa awe na viatu vinavyong'aa, maana kazi ya mhandisi ni mikutano. Yeye alikuwa akienda kazini kwenyewe. Utaalamu wake ulikuwa kitu ambacho wengi wetu hatukukielewa: alisanifu njia ya kuupeleka umeme ardhini kwenye vituo vya kupozea umeme, ili siku umeme utakapotoroka nyaya zake usimpitie mtu.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni Mhandisi Mkuu, Bwana Bakuza Ntimba. Alimtoa chuoni, akamtafutia ajira, na kwa kuwa Zawena alikuwa yatima, siku ya ndoa yake Bakuza ndiye aliyesimama mahali pa baba. Zawena hakumwita Mhandisi Mkuu wala Bwana Bakuza. Alimwita Mwalimu.

Bakuza alikuwa na kisa alichowasimulia wahandisi wapya wote. Ujanani alifanya kazi kwenye kituo kilichojengwa haraka, chini hakukutandazwa shaba ya kutosha. Asubuhi moja rafiki yake, Hamdu, alishika mlango wa uzio wakati uleule hitilafu ilipotokea. Akaanguka bila hata kupiga kelele. "Alikuwa katikati ya neno," Bakuza alikuwa akisema, "na mpaka leo sijui lilikuwa neno gani." Zawena alikwisha kukisikia kisa hicho mara nyingi, na bado alikuja kukisikiliza.

*

Mwaka wa Jubilei Serikali iliamua kujenga kituo kikubwa cha kupozea umeme Kilima Chongo, mahali pakavu penye mawe, nje kidogo ya mji mkuu. Wataalamu walishauri bondeni, kwenye udongo wenye unyevu. Lakini Kilima Chongo ndiko alikozaliwa mama yake Mtukufu Mlezi, na bondeni hakuzaliwa mtu yeyote wa maana.

Zawena alipewa kazi ya kusanifu mfumo wa ardhini. Alikwenda kiangazi, jua likiwa kali, na akakaa huko wiki tatu. Alikuwa na fundi mmoja, Chomboko, mtu wa makamo mwenye mikono kama mizizi, mkazi wa hapohapo. Walipigilia vyuma vinne ardhini kwa mstari mmoja, wakapitisha umeme kidogo, wakasoma kipimo. Wakavitenganisha zaidi, wakasoma tena.

"Injinia," Chomboko alimuuliza siku ya kwanza, "kwa nini usingoje mvua? Udongo ukilowa hata kupigilia ni rahisi."

"Ndiyo maana nimekuja kiangazi, Fundi. Nataka nijue udongo huu ulivyo siku yake mbaya kabisa. Umeme ukikosea njia hauna subira. Tusipoupa pa kwenda, utapita kwa atakayekuwa amesimama karibu."

"Na huu udongo je?"

Zawena alitazama kipimo. "Huu ni mgumu. Hauupokei umeme. Lakini dawa yake ipo."

Dawa yenyewe ilikuwa wavu. Alichora wavu wa shaba wa kufukiwa chini ya uwanja mzima, kina cha goti, macho yake yakibanana zaidi kingoni. Kwenye maungio akaweka fimbo za shaba sitini za kuzama mpaka kwenye udongo wenye maji. Uzio wote na lango vifungwe kwenye wavu huo. Juu ya ardhi ikaja tabaka nene la kokoto kavu, ili hata umeme ukipanda usipate njia rahisi ya kuingia miguuni mwa mtu.

*

Mchoro ulifikishwa mbele ya Waziri, Mheshimiwa Mgomberwa. Nilikuwapo, nimeshika mafaili. Waziri aliugeuza mchoro juu chini, kisha akauweka sawa, kisha akaugeuza tena.

"Injinia," alisema, "hii shaba yote itakwenda wapi?"

"Chini ya ardhi, Mheshimiwa."

"Kisha itaonekana wapi?"

"Haitaonekana."

Waziri aliwatazama wasaidizi wake, nao wakasikitika kwa pamoja. "Kitu kisichoonekana hakizinduliwi, mama. Nikate utepe wapi? Nimwambie Mtukufu Mlezi apigie makofi shimo?"

"Mheshimiwa, hata msingi wa nyumba hauonekani."

"Na ndiyo sababu nyumba yangu nilianza na baraza," Waziri alijibu, na wasaidizi wakaandika.

Hapo Bakuza alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya mawaziri. Alikisimulia kile kisa cha Hamdu chote, mpaka kwenye lile neno lililokatika, na sauti yake ikakwama mahali ambapo hukwama siku zote. Waziri akachukua kalamu ya kijani, akaandika juu ya mchoro: *Ufuatwe.* Nikaupiga muhuri palepale.

Nje, kwenye ukumbi, Zawena alimshika Bakuza mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, sijui nikushukuru vipi."

"Mtoto hamshukuru mzazi," Bakuza alimwambia.

Nami nilifurahi. Sikujua kwamba Kamati ya Jubilei, kwenye jengo la pili, ilikuwa imeamua sanamu ya Mtukufu Mlezi iwe ya shaba tupu, kimo cha ghorofa mbili, ameinua taa mkononi. Shaba ya kutosha kazi hiyo ilikuwa mahali pamoja tu katika nchi nzima: ghala la Kilima Chongo.

*

Wiki iliyofuata Waziri alimwita Bakuza peke yake. Niliingia na mafaili ya kusainiwa, nikasikia Waziri akiuliza, "Unastaafu lini, Bwana Bakuza?"

"Imebaki miezi minne, Mheshimiwa."

"Na ungependa kustaafu?"

Waziri akaniambia nitoke na nifunge mlango. Niliufunga vizuri.

Siku chache baadaye Zawena alipata barua ya kwenda masomoni ng'ambo kwa miezi mitatu. Ilikuwa heshima kubwa. Wenzake waliona wivu mpaka wakashindwa kula. Asubuhi ya safari alipita masijala kuaga, begi likiwa begani. Bakuza alikuja nyuma yake na karatasi kubwa. Ilikuwa na kichwa cha habari, jina la kituo na mahali pa saini. Katikati ilikuwa nyeupe.

"Saini hapa, mwanangu. Hii ni karatasi ya juu tu. Mchoro utanakiliwa ukiwa safarini."

Alisaini wima, juu ya kaunta yangu, kwa kalamu yangu. Hakuisoma kwa kuwa hakukuwa na cha kusoma.

"Mwalimu, wasije wakaipunguza shaba."

"Nenda kwa amani," Bakuza alisema. "Mimi nipo."

Nikaipiga muhuri.

*

Malori mawili yaliichukua shaba mchana kweupe, huku bendi ikipiga. Fundi Chomboko aliambiwa achimbie fimbo nne kwenye kona nne za kituo, basi. Alikataa. Wakaletwa watu wengine, nao wakamaliza kabla ya chakula cha mchana na kusifiwa kwa kasi yao. Kokoto zilikataliwa kwa sababu zingekwaruza viatu vya wageni. Zikapandwa nyasi, zikamwagiliwa asubuhi na jioni. Chomboko akashushwa cheo, akawa mfungua lango.

Aliandika barua. Iliingia masijala Jumatano, anwani yake kwa mkono: *Kwa Injinia Zawena, aliko masomoni.* Ndani alisema: "Injinia, wamechukua shaba yote. Chini kuna fimbo nne tu. Juu wamepanda majani. Nimewaambia hawasikii, wanasema mchoro una saini yako. Mimi najua siyo kazi yako. Tafadhali njoo kabla hawajawasha."

Kwa utaratibu wetu, barua ya afisa aliye nje hupitia kwa mkuu wake. Niliipeleka kwa Bakuza. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Mwisho akasema, "Iweke kwenye jalada la Mengineyo."

Niliiweka. Haikupotea.

*

Zawena alirudi siku tatu kabla ya uzinduzi. Kutoka uwanja wa ndege alikwenda Kilima Chongo moja kwa moja. Chomboko mwenyewe alinisimulia yaliyotokea, alipokuja Wizarani kuchukua sare.

Zawena alisimama langoni akatazama zile nyasi za kijani. "Fundi," akasema, "kokoto ziko wapi?"

"Injinia, barua yangu hukuipata?"

"Barua gani?"

Chomboko alimletea jembe. Zawena alichimba mahali pa kwanza, kina cha goti, akakuta mawe. Akachimba pa pili, pa tatu. Alipofika pa sita Chomboko alimshika mkono, akamwambia, "Inatosha, mama. Nilikuwapo. Hakuna kitu."

Alifika ofisini kwa Bakuza na udongo kwenye magoti. Nilikuwa nimesimama kando ya meza na mafaili. Hakuna aliyeniambia nitoke.

"Mwalimu, nimetoka Kilima Chongo."

Bakuza alivua miwani. "Karibu. Habari za safari?"

"Shaba iko wapi?"

"Nilikuwa nitakwambia."

"Lini? Wakishazika mtu?"

"Zawena, kituo kinaweza kukaa miaka ishirini bila hitilafu. Kuna vituo vingapi nchi hii havina hata fimbo moja?"

"Ulisimama mbele ya Waziri. Ulimtaja Hamdu."

"Nilisimama. Wewe hujui nilikalishwa vipi." Aliinamisha macho. "Shaba ingechukuliwa tu, mwanangu, niseme nisiseme. Mimi nimechagua kubaki ndani ili siku moja tuirekebishe. Nimeongezwa miaka mitano. Katika miaka mitano tutafanya mengi."

"Basi niandikie kwamba mchoro umebadilishwa. Mstari mmoja tu, Mwalimu. Niupeleke wasiwashe."

Bakuza alifungua droo, akatoa ile karatasi kubwa. Katikati, palipokuwa peupe, palikuwa na mraba wenye nukta nne kwenye kona. Chini yake, saini ya Zawena na muhuri wangu, umekaa sawasawa.

"Mchoro haujabadilishwa," alisema kwa upole, kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi. "Mchoro ni huu."

Zawena aliitazama saini yake. Kisha akamtazama Bakuza, na nikaona midomo yake ikitaka kusema Mwalimu ikashindwa.

Hakukaa kimya. Alikwenda ofisi ya Waziri akapewa Fomu ya Hatari. Fomu hiyo ni nzuri sana, ina kurasa tisa, lakini hujazwa baada ya hatari kutokea, ndani ya siku thelathini. Aliomba kipimo cha kupimia udongo. Kilikuwa kimefungiwa ghalani, kwa usalama.

*

Siku ya uzinduzi Zawena alikuwa langoni mapema, amevaa mabuti ya mpira. Aliwaambia wananchi wasiuegemee uzio. Aliwaambia wachungaji wapeleke ng'ombe mbali. Baadhi walimsikiliza, wengine walidhani ni sehemu ya burudani.

"Fundi, lango hili usilishike," alimwambia Chomboko.

"Msafara ukija nani atafungua, Injinia? Nisipofungua nitafungwa."

"Basi vaa glavu za mpira."

"Wamezichukua. Wamesema nyeusi haipendezi kwenye picha." Akamwonyesha mikono yake. Alikuwa amevishwa glavu za kitambaa, nyeupe pe.

Zawena alianza kuvua mabuti yake ili ampe. Vijana wa usalama walimkuta ameinama na buti moja mkononi, wakamchukua kwa heshima mpaka kwenye hema la wageni wasio na kadi.

Mtukufu Mlezi alifika, lango likafunguliwa, likafungwa. Waheshimiwa walikaa kwenye jukwaa la mbao lililotandikwa mazulia, mahali ambapo hata Zawena asingepata pazuri zaidi pa kuwaweka. Waziri alihutubia kwa saa moja na nusu. Alisema umeme huu ni mtiifu. Alisema hauna ukabila. Kisha utepe ukakatwa, swichi ikawashwa, na watu wote wakapiga makofi.

Juu ya uwanja lilikuwa limetundikwa bango la pongezi, herufi zake za karatasi ya bati linalong'aa. Upepo ulikuja, si mkubwa. Bango lilikatika upande mmoja, likapaa, likaangukia nyaya na nguzo ya chuma kwa wakati mmoja.

Palitokea mwanga mweupe na mlio kama wa turubai linalochanwa. Umeme ulishuka ardhini, ukakuta fimbo nne kwenye udongo unaoukataa, ukatapakaa kila upande. Jukwaani Mtukufu Mlezi hakuhisi kitu; alidhani ni fataki, akapunga mkono. Nje ya uzio ng'ombe watatu waliokuwa wakila majani walianguka wakakakamaa, kwa sababu ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, na umeme uliopanda mmoja ulishukia mwingine. Langoni Chomboko alikuwa ameshika komeo kwa mikono miwili, tayari kuufungulia msafara utakapoondoka.

Zawena alitoka kwenye hema akikimbia, buti moja mguuni. Alifika wakati bendi ikianza wimbo wa taifa. Kwa hiyo walinzi wote walikuwa wamesimama wima, na hakuna aliyemsaidia kumwinua Chomboko.

*

Iliundwa Tume. Mwenyekiti wake alikuwa profesa wa lugha, maana jambo lilihitaji maneno. Baada ya vikao kumi na viwili Tume ilitamka kwamba fundi Chomboko alishtuka, na kwamba udongo wa Kilima Chongo ulikuwa mkaidi na umekosa uzalendo. Lakini udongo hauwezi kufukuzwa kazi. Ikabidi aitwe aliyeusanifu.

Zawena alikuja na mchoro wake wa kwanza, ule wa wavu, alioufanya kwa penseli. Haukuwa na muhuri. Tume ikaletewa ule wenye muhuri.

Bakuza aliitwa. Alisema alimwamini Injinia Zawena kama mwanawe wa kumzaa, na kwamba moyo wake unamuuma. Nadhani hilo la pili lilikuwa kweli.

Zawena aliruhusiwa kumuuliza swali moja. Alisimama. "Mwalimu," alisema, "waeleze wazee hawa Hamdu alikufa vipi."

Bakuza alitazama meza. Mwishowe akasema, "Simkumbuki mtu wa jina hilo."

Zawena alikaa chini polepole, kama mtu aliyepokea mzigo.

Mimi nami niliitwa. Waliniuliza kama kuna barua yoyote ya onyo iliyopokewa na Wizara. Nilijibu kwamba hakuna barua ya onyo iliyoandikishwa. Ni kweli. Barua za jalada la Mengineyo haziandikishwi.

Zawena alifutwa kwenye orodha ya wahandisi. Jioni hiyohiyo alikwenda kwa mjane wa Chomboko, Bi Mwasiti, kumweleza ukweli. Mama huyo hakumfungulia mlango wote.

"Mume wangu aliandika barua kwenye meza hii," alisema. "Alikaa siku tatu akitafuta maneno. Ulimjibu nini?"

"Dada, haikunifikia."

"Redio imesema mchoro ni wako. Saini ni yako au siyo yako?"

"Ni yangu. Lakini…"

Mlango ukafungwa.

Mume wa Zawena alitaka wahame mji. Yeye alikataa. Alisema kituo bado kinawaka na watu bado wanapita. Akapanga chumba Kilima Chongo, na kila asubuhi akawa anasimama barabarani, nje kabisa ya mpaka aliokatazwa kuuvuka, akiwafundisha wapita njia. Usiguse uzio. Ukipita karibu nao, piga hatua fupi, miguu ibanane. Chunga ng'ombe wako ng'ambo ya barabara. Mwanzoni walimzomea. Baada ya mbuzi wawili kufa siku ya mvua, wakaanza kumsikiliza. Baada ya mwaka mmoja mtaa mzima ulikuwa ukipita pale kwa hatua za kuburuza, wazee kwa vijana, na Wizara ya Utamaduni ikaja kuzipiga picha kama ngoma ya asili. Hata Bi Mwasiti alipita hivyo akienda sokoni, ingawa hakumsalimu.

Kisha Bakuza alikuja kukagua kituo. Gari lilizimika barabarani, ikabidi tutembee, yeye mbele, mimi nyuma na mafaili. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Mfukoni alikuwa na hati aliyoisaini mwenyewe, isemayo kwamba Kilima Chongo ni salama kwa umma.

Zawena alikuwa mahali pake. Alituona. Nilitegemea atukane, ningekuwa mimi ningetukana.

"Hatua fupi, Mwalimu," alisema, kwa sauti ileile ya chini aliyowaambia wote.

Bakuza hakumtazama. Alifika kwenye uzio akasimama kidogo. Kisha, mbele ya wachungaji, wauza maandazi na walinzi wawili waliompigia saluti, Mhandisi Mkuu wa nchi yetu aliibana miguu yake, akaingiza mikono mifukoni ili isije ikagusa kitu, akaanza kuburuza, kidogo kidogo, mpaka langoni.

Nami nikafuata nyuma yake, nimebana miguu vilevile.